Mji wa Bratsk na Mikono Iliyoujenga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tuliombwa tuseme habari za mji mmoja wa mbali. Pengine wengine wenu mwauliza, sisi watu wa reli tuna shauri gani na Siberia, nchi ya barafu? Shauri tunalo. Mji huu jina lake Bratsk. Reli ilitangulia, ukafuata ukuta wa kuzuia mto, kisha stima, kisha viwanda. Nyumba nzuri za watu zilikuja zikichechemea nyuma, na shauri la hewa ya kuvuta lilikuja mwisho kabisa. Mpango huo ndio tunaotaka mwuangalie. Ukijua kitu gani kilitangulia na kitu gani kiliachwa nyuma, umejua mfanya kazi alihesabiwa kuwa nani katika kazi ile.

MAHALI PENYEWE

Upande wa mashariki wa Urusi kuna ziwa liitwalo Baikal, lenye kina kuliko maziwa yote ya dunia. Mito mingi huingia humo, lakini mto mmoja tu hutoka, nao ni Angara. Kwa kuwa ziwa ni kubwa, maji ya Angara hayakauki wala hayaji kwa fujo kama mito yetu ya msimu. Huja kwa kipimo mwaka mzima. Fundi wa stima akiona mto wa namna hiyo hufurahi. Ndugu zetu wa Jinja wanaelewa jambo hili, maana mto Nile nao hutoka katika Ziwa Victoria kwa namna ile ile, na ndiyo sababu kituo cha Owen Falls kilijengwa pale na kufunguliwa 1954.

Mahali pamoja mto Angara hubanwa na majabali pande mbili. Hapo palikuwa na maporomoko yaitwayo Padun, yaliyowatisha wenye mashua. Karibu na hapo askari wa mfalme wa Urusi walijenga boma la magogo mwaka 1631. Jina la Bratsk lilitoka kwa wenyeji wa nchi, Waburyati, ambao Warusi waliwaita kwa neno linalofanana na neno lao la ndugu. Kwa hiyo jina la mji ni kama kusema Mji wa Undugu. Lakini undugu haukuonekana mapema. Mwaka 1656 kasisi mmoja mashuhuri, Avvakum, aliyekuwa amepelekwa Siberia kwa ajili ya kushindana na wakubwa wa kanisa, alifungwa katika boma la Bratsk. Hivyo nchi ile ilizoea wafungwa zamani sana kabla ya stima.

RELI ILITANGULIA

Ndugu, hapa ndipo habari inapotuhusu sisi hasa. Huwezi kujenga ukuta mkubwa porini bila kuleta simiti, chuma na mashine. Na huwezi kuvileta bila reli. Kwa hiyo ilijengwa njia kutoka stesheni ya Taishet, iliyo katika reli kuu ya Siberia, kupita Bratsk mpaka mto Lena, karibu kilometa 700 kwa jumla. Magari ya moshi yalifika Bratsk 1947, na njia ikaunganishwa mpaka mto Lena 1951.

Ni nani walioitandika? Walikuwa wafungwa. Baada ya vita ya 1939 mpaka 1945, askari wa Kijapani waliotekwa waliletwa huko, na Wajerumani pia. Tena palikuwa na wafungwa wa serikali yenyewe, raia wa Sovieti, wengi wao wakiwa wamehukumiwa kwa maneno ya siasa tu. Kambi yao kubwa iliitwa Ozerlag. Walikata miti, walibeba mataruma, walipasua mawe, katika baridi ambayo huwa nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Chakula chao kilipimwa kwa kazi waliyomaliza. Aliyechoka alipungukiwa chakula, na aliyepungukiwa chakula alizidi kuchoka.

Watu wa huko wana msemo kwamba chini ya kila taruma amelala mtu. Msemo si daftari ya hesabu, na sisi hatuutoi kama hesabu. Lakini kila mmoja wetu aliyepata kufanya kazi ya gengi ajua mataruma ni mangapi katika kilometa moja. Watu hawasemi neno la namna hiyo bure.

Stalin alikufa Machi 1953, na kambi zile zikaanza kupunguzwa. Reli ilibaki. Leo ni mwanzo wa njia ndefu iitwayo BAM, iendayo mpaka karibu na bahari ya mashariki. Abiria hupita hapo wakinywa chai. Hatusemi wasinywe chai. Twasema tu kwamba njia ya reli haina kumbukumbu yenyewe. Ni sisi tunaofanya kazi juu yake tunaopaswa kukumbuka.

MAHEMA KATIKA THELUJI

Kazi ya ukuta ilianza Desemba 1954. Angalieni mwezi huo, ndugu. Desemba kule ni baridi kali. Safari hii wengi waliokuja hawakuwa wafungwa. Walikuja vijana wa kiume na wa kike kutoka pande zote za Sovieti, wengine kwa kuitwa na chama cha vijana cha serikali, wengine kwa kutafuta mshahara, kwa kuwa kazi za nchi ya baridi zilikuwa na nyongeza. Walikuta msitu. Wakalala katika mahema, wakapaita mahali pao Mji wa Kijani, kwa rangi ya mahema yale. Hema lilikuwa na jiko la chuma katikati. Aliye karibu na jiko aliungua, na aliye karibu na turubai aliamka nywele zake zimeshikana na barafu.

Majira ya joto yalipokuja, baridi ikaondoka na usubi wakaingia. Wadudu hao walikuwa wengi kama moshi, wakiingia machoni na puani, hata mtu akafanya kazi amevaa wavu kichwani. Ukivaa wavu huoni vizuri, na usipoona vizuri waweza kuumia.

Lakini ni haki kuwasifu mafundi wale kwa akili yao. Walitumia baridi kama chombo. Katika majira ya baridi ya 1956 na 1957 mto ulipoganda, barafu ikawa nene, wakaifanya kuwa jukwaa la kazi. Walitoboa barafu, wakashusha masanduku makubwa ya magogo, wakayajaza mawe mpaka yakakaa chini ya mto. Hivyo waliziba sehemu ya kwanza ya mto bila kungoja mashua wala daraja. Mwaka 1959 wakaziba sehemu iliyobaki. Simiti nayo ina shida yake katika baridi: ikiganda kabla ya kukauka, haina nguvu tena. Kwa hiyo ilibidi ipewe joto mpaka ishikane. Tena kazi ilitaka stima kabla ya stima ya Bratsk kuzaliwa. Wakavuta waya kutoka Irkutsk, zaidi ya kilometa 600 kupitia msituni, ukamalizika 1957.

Mashine ya kwanza ya stima ilianza kuzunguka Novemba 1961. Kazi yote ilipokelewa rasmi 1967. Ukuta wa simiti una urefu wa kwenda juu karibu meta 125, na juu yake hupita reli. Mashine ziko 18. Nguvu yake leo huhesabiwa megawati 4,500. Ili mpate kipimo, kituo chetu cha Gitaru katika mto Tana ni megawati 225. Basi Bratsk ni Gitaru ishirini pamoja. Mpaka 1971, hapakuwa na kituo cha stima ya maji duniani kilichoshinda hicho.

STIMA ILIYONGOJA KAZI

Sasa sikieni jambo la ajabu. Stima ilipoanza 1961, viwanda vya kuitumia havikuwa tayari. Kiwanda cha alumini kilitoa chuma chake cha kwanza 1966. Kwa miaka kadha mashine kubwa zilikuwa na nguvu nyingi kuliko kazi ya kufanya. Ni kama kujenga stesheni yenye njia kumi na kungoja magari yaundwe. Wakubwa walihimiza ukuta kwa sababu ukuta huonekana na hupigwa picha. Vitu vingine vilivyotakiwa kwenda sambamba nao vilichelewa.

Na kama kiwanda kilichelewa, nyumba je? Mji ulipewa cheo cha mji Desemba 1955, wakati watu wake wengi walikuwa bado katika mahema na mabanda. Yalijengwa mabanda ya mbao kuwa ya muda tu. Ndugu, neno hili la "muda tu" twalijua sisi. Landhi nyingi za wafanya kazi katika nchi yetu zilijengwa kwa mtu mmoja asiye na mke, akae kwa muda, kisha watu wakazaa na kujukuu humo. Kule Bratsk pia mbao za muda zilikaliwa miaka makumi. Baadaye majumba mengi ya ghorofa tano yalijengwa, yenye joto la bomba na maji ya moto, pamoja na shule na hospitali, na watu walifurahi kwa haki. Lakini mji haukuwa mji mmoja. Kila kazi ilijijengea kijiji chake: hapa watu wa ukuta, pale watu wa stima, pale watu wa viwanda. Mpaka leo vipande hivyo vimetengana kwa msitu na maji, na kutoka katikati ya mji mpaka kwenye ukuta ni safari ya kilometa kama 30. Mtu wa zamu ya usiku ajua maana ya safari hiyo.

VIJIJI CHINI YA MAJI

Maji yalipozuiliwa yalipanda miaka mingi, tangu 1961 mpaka 1967. Ziwa lililotokea lina eneo la kilometa za mraba 5,470. Ni dogo kidogo kuliko Ziwa Turkana letu, lakini hili lilitengenezwa na watu. Chini yake vilizama vijiji zaidi ya mia moja, na mji wa kale wa Bratsk pia. Bonde ndilo lililokuwa na mashamba mazuri na majani ya ng'ombe. Wakulima walihamishwa juu msituni, penye udongo mbaya. Kabla ya maji kufika, nyumba zilizobaki zilichomwa moto, ili magogo yasielee na kuziba njia. Mtu alitazama nyumba ya babu yake ikiungua, kisha akatazama maji yakifunika majivu. Minara ya boma la kale la Bratsk iliokolewa. Mmoja ulipelekwa Moscow 1959 ili watu waje kuutazama. Hivyo magogo ya gereza yalipewa heshima ya kuhamishwa salama.

Mwandishi Valentin Rasputin alikua katika kijiji cha Atalanka kando ya Angara, kijiji ambacho nacho kilihamishwa kwa ajili ya ziwa hili. Mwaka 1976 alitoa kitabu juu ya bibi wazee wa kisiwa kinachongoja kuzamishwa. Kitabu hicho kilisomwa sana huko kwao, kwa kuwa kilisema jambo ambalo magazeti yaliyosifu ukuta hayakulisema.

MOSHI

Sasa tuseme habari ya alumini. Unga mweupe huyeyushwa ndani ya chumvi ya moto katika vyungu vikubwa, joto likiwa zaidi ya nyuzi 900, na stima hupitishwa humo bila kukoma mpaka chuma kitulie chini. Tani moja hula kama yuniti 15,000 za stima. Kiwanda cha Bratsk hutoa karibu tani 1,000,000 kwa mwaka. Mtaona basi kwamba stima nyingi ya mto ule huondoka Bratsk ikiwa imegeuka vipande vya alumini.

Lakini chumvi ile ya moto ina floridi, na floridi hutoka na moshi. Ndugu zetu wa Nakuru na Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa floridi ni nini; waiona katika meno ya watoto wao, kwa sababu ya maji ya visima. Ikizidi mwilini kwa miaka mingi hushika mifupa, na mtu wa vyungu vya alumini huweza kuugua mgongo na magoti. Kule Bratsk miti ya misonobari ilikauka kuzunguka viwanda. Kijiji kimoja cha wafanya kazi, Chekanovsky, kilikuwa karibu mno na kiwanda, hata ikaonekana hakifai kukaliwa na watu, na watu wake wakaanza kuhamishwa miaka ya 1990. Tazameni: kwanza wakulima walihamishwa kwa ajili ya maji, kisha wafanya kazi kwa ajili ya moshi. Kuhama mara ya pili kungeweza kuzuiliwa kwa kupima upepo kabla ya kujenga nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wa pili haukuleta stima hata kidogo.

Mpaka karne hii Bratsk huhesabiwa katika miji ya Urusi yenye hewa mbaya kabisa, nayo ni mmoja wa miji 12 iliyoingizwa katika mpango wa serikali wa kusafisha hewa, ulioanza 2018. Hesabu miaka tangu alumini ya kwanza, 1966. Ni zaidi ya miaka 50.

CHAMA KILIKUWA WAPI?

Tulipozungumza habari hii mara ya kwanza sisi kwa sisi, ndugu mmoja aliuliza: "Lakini Sovieti si ilikuwa serikali ya wafanya kazi? Vyama vyao vilikuwa wapi?" Ni swali zuri.

Vyama vilikuwapo, na karibu kila mtu alikuwa mwanachama. Viligawa nafasi za mapumziko, viliangalia shule za watoto wadogo, viliwasaidia wagonjwa. Si mambo ya kudharau. Lakini chama hakikuweza kumwambia mkubwa wa kazi "hapana" na kusimama juu ya neno hilo. Hakikuwa na nguvu ya kuweka kazi chini. Mwaka 1962, katika mji wa Novocherkassk, mbali na Siberia, wafanya kazi waligoma kwa sababu ya bei ya nyama na siagi kupandishwa, wakapigwa risasi, na watu 26 wakafa. Baada ya hapo kila mtu alijua mpaka uko wapi.

Mwaka 1991 Sovieti ikaanguka, na viwanda vikaingia mikononi mwa matajiri. Mwenye mali alibadilika, moshi haukubadilika. Watu wa Bratsk walikuwa zaidi ya 250,000 mwaka 1989; katika hesabu ya 2021 walikuwa kama 224,000. Hivyo twaona kwamba serikali ikishika mali, au tajiri akiishika, mfanya kazi asiye na chama chenye sauti yake mwenyewe atangoja nyuma vile vile.

Ndugu mwingine alisema: "Mbona mwasema mabaya tu? Bila ukuta ule kusingekuwa na mji." Ni kweli, na hatutaki kuwaonea. Wako wazee wa Bratsk waliolala katika hema la 1955 ambao walijivunia ukuta ule kuliko kitu chochote maishani mwao. Kazi ilipokwisha wengi walishuka na mto kwenda kujenga ukuta mwingine, Ust-Ilimsk. Walipenda kazi. Sisi nasi twapenda kazi yetu. Hakuna mtu wa reli asiyesimama kutazama gari likipita kwenye daraja aliloshiriki kulitengeneza. Lakini fahari ya fundi isitumiwe kumlipa badala ya nyumba na afya. Wana wa Israeli walifyatua matofali mazuri huko Misri, na uzuri wa matofali haukuwa haki yao.

MASWALI MANNE

Basi tunaleta neno moja mbele ya tawi. Kazi kubwa zitakuja tena katika nchi hii, kama zilivyokuja za Tana, na kama ilivyokuja reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kuchukua abiria 2017. Tusiwe watu wa kupinga kila kazi. Tuwe watu wa kuuliza mapema, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kwa barua yenye mhuri wa chama na nakala katika faili letu:

1. Mfanya kazi atalala wapi usiku wa kwanza, na hiyo nyumba ya "muda tu" mwisho wake ni tarehe gani?

2. Ni nani atakayepima vumbi, moshi na kelele, na matokeo yatabandikwa wapi tuyasome sisi wenyewe?

3. Wenye mashamba wanaohamishwa wamelipwa kabla ya kuhama, au wameahidiwa tu? Wao ni ndugu zetu, na wengi wetu ni watoto wao.

4. Kazi ikiisha, vibarua waende wapi?

Maswali haya hayahitaji elimu kubwa. Sisi wenyewe wengi tuliishia shule ya msingi ya misheni. Yanahitaji kuulizwa kwa wakati wake, na kuulizwa na watu wote pamoja. Mfungwa wa Taishet hakuweza kuuliza. Kijana wa mahema angeweza kuuliza, lakini hakuwa na chama cha kumsimamia. Sisi twaweza, na chama tunacho. Tukinyamaza, hatutakuwa na udhuru.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba maswali hayo manne yapigiwe kura leo, kisha barua iandikwe kabla ya mkutano ujao.